Debe la Ulezi Barazani

"Bibi, kesi yako itaisha lini?"

Swali hilo Bibi Bertilla aliulizwa na mtoto wa jirani, wa darasa la tatu, aliyekuwa ametumwa kwake kupimwa sweta la shule. Mtoto huyo ndiye mwandishi wa habari hizi, na akishamaliza kuuliza atakaa pembeni mpaka mwisho. Lakini alikuwa na sababu. Kila Jumatano alimwona Bibi Bertilla akipita na kapu lake la nyuzi kwenda ofisi ya kata, na siku nyingine akipandisha mpaka Mahakama ya Mwanzo, na kwa akili ya mtoto, mtu anayekwenda mahakamani kila wiki ama ni hakimu ama ana kesi. Hakimu hawezi kuwa, maana mahakimu hawafumi masweta.

Bibi Bertilla aliendelea kumpima mabega kwa uzi wake wenye mafundo. "Nyoosha mkono," akasema. Basi.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Watu wazima walikuwa bado wanasimulia foleni za sabuni kama watu wanaosimulia vita, na huku malori yanashusha marobota ya mitumba Sumbawanga mjini, watu wanachagua mpaka wanachoka. Bibi Bertilla alikuwa mteja wa ajabu. Wenzake waligombania magauni na mashati, yeye alichimba chini kabisa kutafuta masweta yaliyowashinda watu: yenye matundu ya nondo, yenye picha za kulungu wenye pembe kama matawi, yenye mikono miwili isiyolingana. Aliyapeleka nyumbani, akayafumua, akafua nyuzi, akazianika uani zikapepea na upepo wa Ufipa, kisha akafuma upya masweta ya shule. Nusu ya watoto wa mtaa walikwenda shule wamevaa kitu ambacho mwezi uliopita kilikuwa tumbo la mzungu mnene.

Sweta moja tu hakulifumua. Lilikuwa la rangi ya machungwa, machungwa kweli kweli, ukilitazama jua limelipiga unafumba jicho. Hilo alilivaa mwenyewe.

Kufika kwake ofisi ya kata hakukuwa na siri yoyote. Kibaraza cha ofisi ile kinatazama mashariki, na anayekijua kipupwe cha Sumbawanga mwezi wa sita anajua thamani ya mahali panapopata jua saa moja asubuhi. Mtendaji wa kata alimruhusu akae pale na sindano zake kwa sababu alikuwa amewafumia wanawe watatu. Nyuma ya mgongo wake kulikuwa na dirisha lisilo na kioo, na nyuma ya dirisha ndiko lilikokaa baraza la usuluhishi kila Jumatano: wazee watano, meza moja, na watu wa ndoa zilizoharibika.

Basi mwaka wa kwanza alisikia. Mwaka wa pili akaelewa. Mwaka wa tatu alikuwa anajua kuliko karani. Alijua kwamba mke aliyepigwa aanzie polisi achukue PF3, fomu ya matibabu, ndipo aende hospitali, siyo aende hospitali kwanza halafu aanze kutafuta karatasi kidonda kimeshapona. Alijua kwamba Mahakama ya Mwanzo haitaipokea kesi ya kuvunja ndoa mpaka baraza liandike kwamba limejaribu kusuluhisha likashindwa. Alijua kwamba ukisema "alinipiga sana" wazee wanapiga miayo, lakini ukisema "Jumamosi ya mnada, kwa mchi, mama mwenye nyumba akiwa mlangoni", wanaketi sawasawa.

Siku moja mwanamke alitoka ndani analia. Alikuwa amesahau kila kitu alichokuja kusema. Bibi Bertilla, bila kuinua macho kwenye sindano zake, akamwambia, "Rudi. Hujawaambia habari ya mchi." Yule akashangaa, akarudi, akasema habari ya mchi. Jumatano iliyofuata walikuja wawili. Iliyofuata, watatu.

Kuwasemea hakuruhusiwa. Barazani kila mtu anasema kwa mdomo wake, na hata kule mahakamani kwa hakimu hakuna wakili. Lakini benchi la wasikilizaji halina mwenyewe. Kwa hiyo alikaa. Kabla ya kuingia aliwaambia maneno yale yale, na wanawake wengi wa Milanzi na Pito wanayakumbuka mpaka leo:

"Ukisimama mle ndani usimtazame mumeo, usimtazame mwenyekiti. Tafuta chungwa."

Jambo moja zaidi. Bibi Bertilla alikuwa hasikii kwa sikio la kushoto, kwa hiyo siku zote alikaa kwenye ncha ya kushoto ya benchi, sikio la kulia likiwaelekea watu. Kuhusu sikio hilo alikuwa na hadithi tatu. Watoto aliwaambia aliingia nyuki. Majirani aliwaambia ni kwinini ya zamani. Mtendaji alipouliza, alijibiwa, "Nililisahau Namanyere, nikienda tena nitalichukua."

Sasa tumlete Redempta.

Alikuja mwezi wa sita, ametembea kutoka Pito na mwanawe Cornelia wa miaka mitatu mgongoni. Mumewe aliitwa Flavian, mnunuzi wa mahindi. Enzi zile mwenye mizani na magunia matupu alikuwa tayari mfanyabiashara, na Flavian alishinda Laela stendi akinunua, akicheka, akiwatania makondakta, mtu wa watu haswa. Kipigo alikileta nyumbani. Bei ikishuka alipiga, bei ikipanda alikunywa kisha akapiga. Mkono wa kushoto wa Redempta ulivunjika mwezi wa pili, na ulipopona haukurudi kunyooka. Ulipinda kwenye kiwiko kama tawi. PF3 alikuwa nayo, ameikunja ndani ya pindo la kanga mpaka imelainika kama kitambaa.

Alikuwa amekimbilia kwa kaka yake Pito. Kaka si mtu mbaya, ila alikuwa ameshasema, "Mwezi huu tu, dada. Wakwe wakija na neno jema, utarudi." Ndiyo kusema bila karatasi ya baraza Redempta alikuwa anarudi kwa Flavian, yeye na Cornelia.

"Unaogopa nini zaidi?" Bibi Bertilla alimuuliza.

"Kusema mbele za watu, mama."

"Hilo dogo. Utatafuta chungwa."

Kumbe balaa halikuwa mdomoni. Lilikuwa magotini.

Kwa Wafipa, binti aliyelelewa akiona mkubwa wake anachuchumaa, anaunganisha viganja na kupiga makofi taratibu, macho chini, na mkubwa anamwitikia kwa makofi yake. Salamu hiyo haifundishwi ukubwani, unaikuta imo ndani ya mifupa. Na wazee wana hesabu yao juu ya jambo hilo: mwenye kinyongo na wakwe hachuchumai mpaka maneno yaishe. Akichuchumaa, maneno yameisha.

Jumatano ile Redempta alikuwa amesimama katikati ya chumba, tayari kuanza, PF3 mkononi. Mlango ukafunguka. Akaingia Flavian amevaa koti, na nyuma yake baba yake, Mzee Urbano, na fimbo. Bibi Bertilla akiwa kwenye benchi aliona kila kitu kwa wakati mmoja, na hakuweza kuzuia chochote. Redempta alimwona mkwe wake. Magoti yakakunjika. Akachuchumaa, akapiga makofi, pa, pa, pa, PF3 ikiwa katikati ya viganja. Mzee Urbano naye akamwitikia. Akauliza hali ya mtoto, akajibiwa vizuri. Akauliza hali ya shamba la kaka, akajibiwa vizuri.

Mwenyekiti wa baraza, Mzee Felisian, aliweka kalamu mezani, uso umemjaa furaha.

"Haya jamani! Kimebaki nini tena hapo? Salamu kama hii mtu humpa adui?"

"Mwenyekiti," alisema Maganga, mjumbe pekee Msukuma, mfugaji aliyehamia na ng'ombe zake miaka kumi nyuma, "kwetu sisi mtu akisalimia, amesalimia tu."

"Kwenu, Maganga, mnasalimiana na ng'ombe."

Chumba kizima kikacheka, na Maganga akacheka zaidi ya wote. "Ng'ombe hawaniandikii uongo," akasema. Lakini karani alikuwa ameshaanza kuandika: wamepatana mbele ya baraza. Ikapangwa kwamba Jumatano inayofuata Mzee Urbano aje na ndugu zake wawili, na wamchukue mkwe wao rasmi kutoka pale pale.

Nje, kwenye jua, Redempta alisema kwa sauti ndogo, "Mama, magoti yalikwenda yenyewe."

Bibi Bertilla alicheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya sweta. Kisha akaacha kucheka, maana lilikuwa jambo la kutisha. Mtego ulikuwa na meno pande zote mbili. Asipochuchumaa, wazee watasema hana adabu, na mke asiye na adabu nani atamsikiliza? Akichuchumaa, amerudi.

"Tuna siku saba," akasema. "Twende uani kwangu tukayafundishe magoti."

Basi majirani wakapata sinema ya bure. Bibi Bertilla alivaa kofia kuukuu ya marehemu mumewe Kalisti, akashika mwiko kama fimbo, akawa Mzee Urbano. Alitoka nyuma ya choo akikohoa kizee. Redempta alisimama wima, meno ameyabana, sekunde moja, mbili, halafu chini! Pa, pa, pa.

"Wewe! Unamwamkia mwiko?"

"Ni kofia, mama. Ina heshima."

"Hii? Hata kuku wanaitagia."

Wakarudia. Siku ya tatu Bibi Bertilla aliiacha kofia juu ya kigoda akaenda kuchota maji. Aliporudi alimkuta Redempta amechuchumaa mbele ya kofia tupu, anacheka na kulia papo hapo, na Cornelia naye kachuchumaa pembeni yake, anapiga makofi madogo kwa adabu zote.

Jumamosi matumaini yalikuwa yamebaki machache. Redempta, ili asile bure, alijitolea kupeleka debe la ulezi mashineni. Akaweka ngata, akajitwisha, akatoka. Pale njiani alipita padri mzee wa parokia, mtu ambaye mtaa mzima humchuchumalia mpaka walevi. Bibi Bertilla, akiwa mlangoni na sindano zake, aliona Redempta anasimama wima kama nguzo, debe kichwani, anasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba." Na padri akajibu vizuri kabisa, akapita zake.

Sindano zikaanguka.

"Rudi!" alipiga kelele. "Redempta! Rudi upite tena!"

Maana ndivyo ilivyo, na kila mtu anajua, ila hakuna anayekaa kufikiri: mwenye mzigo kichwani hachuchumai. Anaamkia kwa mdomo, na hakuna mkubwa atakayekasirika, labda awe anataka ulezi umwagike.

Jumatano Redempta aliingia barazani na debe zima la ulezi kichwani.

Chumba kilikuwa kimejaa. Flavian alikuwepo na koti lake. Mzee Urbano alikuwepo na ndugu wawili waliokuja kumchukua mkwe. Bibi Bertilla alikuwa kwenye ncha yake ya benchi, anawaka kama taa.

"Shikamooni wazee," alisema Redempta, wima. "Shikamoo baba mkwe."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mzee Urbano.

Mzee Felisian alimtazama juu ya miwani. "Mama, mashine iko kule ng'ambo ya barabara."

"Najua, mzee."

"Basi tua mzigo tuanze."

Redempta alitafuta chungwa. Akaliona. Shingo haikutetemeka, kwa sababu mwenye debe kichwani hana ruhusa ya kutetemeka.

"Mzee mwenyekiti, nikitua nitachuchumaa. Mama yangu ndivyo alivyonilea, siwezi kujizuia, nimejaribu wiki nzima. Na nikichuchumaa mtaandika nimerudi. Naomba mnisikilize hivi hivi."

Kisha kikasikika kicheko kinene kutoka mwisho wa meza. Ni Maganga. "Mwenyekiti, ameshatushika. Andika hiyo."

"Mnaona?" Flavian aliruka. "Mnaiona dharau ninayoishi nayo?"

"Kaa chini," alisema Mzee Felisian. Aliichukua kalamu. "Sema, mama. Na ukichoka utuambie."

Redempta akasema. Alisema mwezi, siku na saa. Alisema mchi, alisema mkanda, alisema nani alikuwa mlangoni. Bibi Bertilla alikuwa amewasikiliza wanawake wengi katika chumba kile, na karibu wote waliiambia sakafu. Huyu alishindwa kutazama sakafu, debe lilimkatalia. Ilibidi aseme kichwa juu, macho mbele, na sauti ilitoka ikawafikia hata waliokuwa nje dirishani. Hilo Bibi Bertilla hakulipanga. Alikuwa amefikiria magoti tu.

Na jambo la pili pia hakulipanga. Debe lina kilo zake. Mkono wa kulia ulichoka, na Redempta, kwa mazoea ya kila mbeba mzigo, akabadilisha, akainua wa kushoto. Mkono ukapanda mpaka usawa wa sikio, ukakwama. Kiwiko kimepinda, vidole vinatafuta ukingo wa debe, haviufikii. Mkono wa gauni ukateleza chini, na kila mtu akaona mfupa ulivyoungana vibaya. Debe likaanza kuinama.

Aliyewahi kusimama ni Mzee Urbano. Fimbo yake ilianguka. Alilishika debe kwa mikono miwili, akamtua mkwewe, akaliweka sakafuni taratibu bila punje kumwagika. Akabaki ameinama pale, amelishika, kama anayetafuta kitu ndani ya ulezi.

"Mliniambia alianguka kisimani," alisema, bila kumgeukia mwanawe.

Wale ndugu wawili walitazama kofia zao.

Redempta, mzigo umemtoka, alifanya kile ambacho kila mtu alijua atafanya. Alichuchumaa mbele ya mzee aliyemtua, akapiga makofi ya shukrani, pa, pa, pa, mkono mmoja umenyooka na mmoja umepinda. Karani kwa mazoea akainua kalamu yake.

"Weka chini hiyo!" alifoka Mzee Felisian. "Hiyo ni shukrani. Wewe mtu aliyetuliwa mzigo humjui?"

Na Mzee Urbano akainuka, akasema, "Mwenyekiti, andika ulichosikia. Mimi nilikuja kuchukua mtu. Sioni mtu wa kumpeleka kule."

Karatasi iliandikwa siku hiyo hiyo, ikagongwa muhuri: usuluhishi umeshindikana. Redempta aliikunja akaiweka pamoja na PF3. Ulezi ukapelekwa mashineni, maana ulikuwa wa chakula cha jioni.

Mahakama ya Mwanzo ilichukua miezi mitatu na safari tano. Huko hakuhitaji debe. Hakimu alikuwa kijana mgeni kutoka mbali asiyejua kuchuchumaa ni nini, na washauri wawili wa mahakama walikuwa wameshasikia habari za barazani, kama mji mzima. Bibi Bertilla alikaa kwenye benchi safari zote tano, akafuma masweta mawili na nusu. Ndoa ikavunjwa na Cornelia akapewa mama yake. Flavian alihamia Laela moja kwa moja. Redempta alikata shamba Pito, karibu na kaka yake, na kila mavuno huleta debe moja la ulezi kwa Bibi Bertilla. Analitua mlangoni, kisha anachuchumaa mpaka Bibi Bertilla anamfukuza.

"Inuka, wewe! Utaandikwa!"

Wanawake waliendelea kuja, wengine wakaja hata na madebe, mpaka Mzee Felisian akaweka sheria kwamba salamu si mapatano na mizigo ibaki nje. Sheria hiyo ipo mpaka leo, imeandikwa kwa mkono, imebandikwa ukutani. Maganga anasema aliisema yeye kwanza, na ni kweli.

Mwaka huu mwandishi wa habari hizi ameingia kidato cha tatu, na amerefuka kupita sweta lake. Alikwenda kupimwa jingine. Bibi Bertilla sasa anavaa miwani, lakini uzi wenye mafundo ni ule ule. Alipofika mabegani akasema, bila kuulizwa:

"Wewe uliwahi kuniuliza kesi yangu itaisha lini."

"Nilikuwa mdogo, bibi. Nisamehe kwa hilo."

"Si kosa. Wewe peke yako ndiye uliyeuliza." Akageuza kichwa, sikio la kulia likielekea mlangoni. "Sikuifungua, mjukuu wangu. Nilikwenda mpaka mahakamani, sikio linatoka damu, nikachungulia ndani. Benchi zima walikaa ndugu za mume wangu, Kalisti. Nikatafuta hata uso mmoja wa kutazama, hakuna. Nikarudi nyumbani, nikapika. Haya, nyoosha mkono."